Hakuna Aliyekataa

Simu ilitetemeka ndani ya mkoba wakati mwalimu Deogratias akiandika ubaoni. Lukresia aliiacha. Ikatulia, halafu ikaanza tena. Wanafunzi wenzake, ambao karibu wote wangeweza kuwa watoto wake wa kuwazaa, waligeuka kumtazama.

"Mama, pokea tu," kijana mmoja alisema. "Huenda Baba anauliza ugali uko wapi."

Darasa likacheka. Lukresia naye akacheka, kwa kuwa kucheka kulikuwa rahisi kuliko kukasirika, baada ya kutwa nzima ya kukagua vyoo vya soko na kubishana na wauza nyama. Alichukua mkoba wake akatoka nje ya darasa. Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala ya pamba, na vumbi la Bariadi lilikuwa bado limesimama hewani kana kwamba nalo halina pa kwenda.

Aliyepiga alikuwa Dakta Januarius.

Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu Dakta Januarius aanze kuhangaikia jambo moja: shahada ya uzamili ya afya ya jamii itakayotolewa na vyuo vitatu kwa pamoja, kimoja cha hapa nchini, kimoja cha Zambia na kimoja cha Ulaya ya kaskazini. Wanafunzi wangetoka nchi mbalimbali, wasome darasani, kisha waje kukaa miezi kadhaa mahali ambapo afya inapiganiwa kwa ndoo na sabuni. Mahali palipokuwa pakijaribiwa ni Bariadi. Lukresia, afisa afya wa siku nyingi, ndiye aliyekuwa mratibu wa huku. Alitafuta nyumba za wageni kulala, alitafuta wakalimani wa Kisukuma, alikaa kwenye vikao vya mtandao ambavyo kila alipofungua mdomo sauti ilikatika.

Hakufanya hayo kwa kupenda vikao. Makubaliano yalisema kwamba kituo cha Bariadi kikipita, kila mwaka mtumishi mmoja wa mkoa wa Simiyu atasomeshwa bure, na nafasi ya kwanza ilikuwa yake. Lukresia aliacha shule akiwa msichana, akazaa, akalima, akarudi kwenye vitabu wakati wenzake wanapokea wajukuu. Cheti alikipata jioni, stashahada jioni, shahada ya kwanza jioni. Sasa alikuwa anajifunza Kiingereza, jioni vilevile, ili asije akakaa mbele ya maprofesa akawa bubu. Nafasi ile aliiombea kila asubuhi, kabla hata ya kuwaombea watoto, na jambo hilo lilimtia aibu kidogo.

"Mama Kija, habari za huko?"

"Za huku ni vumbi tu, Daktari."

"Sikia. Kamati ya maadili imekaa jana. Wamesoma ile kazi ya majaribio ya wanafunzi, wameipenda. Ila wana swali moja."

Lukresia aliegemea ukuta. Alikwishajifunza kwamba swali moja la kamati ni kama kuku mmoja, huchelewi kukuta vifaranga.

"Wanauliza, mbona hakuna aliyekataa?"

"Kukataa nini?"

"Kuhojiwa. Wanafunzi wamepita kaya zote za kile kitongoji cha ng'ambo ya Ngulyati, na kila mtu amekubali. Hakuna aliyesema hapana, hakuna aliyesema nina kazi, hakuna hata wa rudini kesho. Wanasema hawajawahi kuona mahali kama hapo. Wanahisi wanafunzi walikaa kivulini wakajijazia."

"Hawakujijazia. Nilikuwa nao."

"Najua. Ndiyo maana nataka wewe mwenyeji uandike ukurasa mmoja uwaeleze. Andika ukarimu wa Wasukuma. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hao wenzetu wa Ulaya hilo neno ukarimu wanalipenda mno. Ijumaa ukurasa uwe umenifikia, kituo kipite, tupumzike. Nimechoka, Mama Kija. Siku hizi nikifumba macho naona ajenda."

"Pole, Daktari."

"Pole na wewe."

Alirudi darasani. Mwalimu alikuwa amekwishafuta ubao.

Nyumbani, mumewe Salvatory alikuwa amebandika maharage na kusahau chumvi. Salvatory alifundisha shule ya msingi na alikuwa anahesabu mihula iliyobaki astaafu. Walikula kimya, kama watu wawili waliokutana stendi. Baada ya kula Lukresia alifuta meza, akachukua karatasi, akaanza kuandika. Sentensi ya kwanza ilikuja yenyewe: "Wasukuma ni watu wakarimu, na mgeni kwao ni baraka." Ya pili haikuja.

Salvatory alivaa miwani akainama juu ya bega lake.

"Ni kweli hiyo?"

"Si kweli?"

"Kweli ni kweli. Lakini ukarimu una mipaka yake, Mama Kija. Kaka yangu Shija unamjua. Akiona mgeni ameshika karatasi anaingia kwenye mtama, hatoki mpaka mbwa anyamaze. Hata wa chanjo anawakimbia, hata wa sensa. Hao wa Ngulyati walilishwa nini?"

"Labda ni wastaarabu kuliko Shija."

"Kila mtu ni mstaarabu kuliko Shija. Lakini wote?"

Alicheka akaenda kulala. Lukresia alibaki akiitazama ile sentensi moja, na polepole, kama mtu anayesikia harufu ya kitu kinachoungua jikoni kwake mwenyewe, akakumbuka.

Kabla wanafunzi hawajafika, alikwenda kumwona mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Bundala, ambaye pia alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Alimweleza habari za chuo, za wageni, za maswali. Halafu wakati wa kuagana, ameshika usukani wa pikipiki ya ofisi, akasema: "Mwenyekiti, nisaidie. Watu wasinikimbie." Bundala akajibu neno moja tu. "Nimekusikia."

Lukresia alizaliwa Dutwa, huku huku Usukumani. Alijua kamanda akisema amekusikia maana yake nini. Alijua hata wakati ule, pale kwenye pikipiki, lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huwa hataki kujua anachokijua.

Alichukua rozari akasali. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba siku za mgawo, kidogo kidogo, halafu hewa.

Asubuhi alipanda bodaboda hadi Ngulyati na kuendelea mbele. Pamba ilikuwa imekwishavunwa, na mashamba yalibaki na miti mikavu yenye vinyuzi vyeupe vilivyonasa. Alimkuta Bundala uani akichonga nira.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola. Na hapa?"

"Mhola. Ng'ombe wazima, watu wazima. Umetuletea wageni wengine?"

Lukresia alikaa kwenye kigoda alichopewa. Waliulizana habari za watoto, za mvua zilizopita na za bei ya pamba, kwa kuwa hakuna mtu mwenye adabu anayeruka hayo. Ndipo akauliza.

"Mwenyekiti, siku zile za wale wanafunzi, uliwaambia nini watu?"

Bundala aliweka tezo chini, akatabasamu kama mtu aliyengoja muda mrefu kushukuriwa.

"Niliwaambia ulichoniomba. Nilipiga filimbi, watu wakakusanyika, nikasema: wageni wa Mama Kija wanakuja, na Mama Kija ni binti yetu. Atakayewafungia mlango atatoa mchenya, mbuzi mmoja. Asipotoa, asitusalimie, asiombe moto kwetu, na akifiwa azike mwenyewe."

"Mwenyekiti!"

"Kwani kuna aliyekukimbia?"

"Hakuna."

"Basi." Akachukua tena tezo lake.

Lukresia alitaka kukasirika akashindwa. Mchenya ulikuwapo kabla ya serikali. Aliyesikia yowe la wizi wa ng'ombe akajifunika blanketi alitozwa. Aliyekosa mazishi bila sababu alitozwa. Baba yake mwenyewe aliwahi kutozwa, na alilipa huku akisema ni haki. Mchenya ndio uliolinda ng'ombe wao na kuchimba makaburi yao miaka ambayo hapakuwa na polisi wala barabara. Bundala alikuwa amempa kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo.

"Baba, hili halikuwa la ng'ombe," alisema taratibu. "Ile karatasi waliyosomewa ilisema mtu anaweza kukataa."

"Niliisikia. Wale watoto walisoma vizuri sana."

"Sasa angekataaje, na wewe umesema atatoa mbuzi?"

Bundala alifikiri. Hakuwa mtu wa mzaha katika mambo ya sheria.

"Karatasi ilisema anaweza. Mimi sikumzuia kuweza. Nilisema tu atatoa mbuzi."

Lukresia alijikuta anacheka, na kicheko kile kilimuumiza kifuani. Bundala naye alicheka, akidhani mambo yamekwisha. Akamwagiza mkwewe alete uji.

Nyumba ya jirani ilikuwa ya Kwandu, mjane mwenye kimo kifupi na sauti kavu. Lukresia alimkuta ameketi mkekani anageuza michembe ya viazi vitamu ikauke. Mbuzi mmoja, tumbo kubwa, alikuwa amefungwa kwenye mnyaa.

"Umeleta wale wengine?" Kwandu aliuliza hata kabla ya salamu.

"Nimekuja peke yangu, mayu."

"Kaa basi. Mwangaluka."

Walisalimiana. Lukresia alichukua viganja viwili vya michembe akaanza kusaidia kugeuza, kwa sababu mikono isiyo na kazi huwa inasumbua mazungumzo.

"Mayu, ile siku, ulitaka kuongea na wale wanafunzi?"

"Nilitaka mbuzi wangu." Alimwonyesha kwa kidevu. "Ndiye huyo huyo, na alikuwa na mimba changa. Ungekuwa wewe ungetaka nini?"

"Ningemtaka mbuzi."

"Haya."

Waligeuza michembe. Kuku alipita katikati yao, Kwandu akamfukuza kwa mkono bila kumtazama.

"Walikuwa na adabu," alisema. "Yule binti wa Zambia, Mutinta, alinipigia magoti. Waliniuliza niliowazaa na waliokufa. Wakafika kwa Monika. Wakauliza alikufaje. Nikasema. Damu ya uzazi, gari la ng'ombe, mvua, mto umejaa. Nilisema vyote. Binti akaandika, machozi yanamtoka, akasema pole. Hana kosa."

Alipangusa mikono kwenye kanga yake.

"Tangu tulipotoka makaburini mimi sikuwa nimelitaja jina la Monika. Ninasema yule. Nguo za yule, bakuli la yule. Hivyo ndivyo ninavyoweza kuamka asubuhi. Siku ile nikalitaja, kwa ajili ya mbuzi. Nao wakafunga mikoba yao wakaenda nyumba ya pili. Mimi nikabaki naye humu ndani. Mpaka leo bado yumo. Sijui nimrudisheje."

Lukresia aligeuza upya michembe aliyokwisha kuigeuza. Darasani walifundishwa kwamba maswali kama yale huokoa akina mama wa kesho, na ilikuwa kweli, aliamini ni kweli hata sasa.

"Nisamehe, mayu."

"Wewe ndiye uliyepiga filimbi?"

"Mimi ndiye niliyemwomba aliyeipiga."

Kwandu alichagua michembe iliyokauka vizuri akaiweka kwenye sahani. Kisha akasukuma sahani kwake.

"Kula michembe," alisema. "Umekonda."

Aliporudi mjini alishuka kanisani kabla ya kufika ofisini. Hapakuwa na mtu ila mama mmoja aliyekuwa anadeki. Lukresia alipiga magoti kwenye benchi la nyuma, ambalo halikuwa limelowa.

"Bwana," alisema kimoyomoyo, "nafasi ile nilikuomba wewe. Uliponipa nikashukuru mbele ya watu, nikatoa sadaka. Kama unataka kuichukua, ichukue mwenyewe. Usinitume mimi nikaitupe kwa mkono wangu. Nimechoka, Bwana. Nimesoma usiku wa maisha yangu, na asubuhi sijaiona. Na tena si uongo kabisa, sisi ni wakarimu kweli. Yule mama amenilisha michembe baada ya yote. Ningeandika hilo tu."

Alingoja. Magoti yalianza kuuma. Hakusikia sauti, wala moyo haukujaa amani kama wanavyosimulia wengine. Kilichomjia ni neno moja dogo, yule, jinsi Kwandu alivyolitamka. Lilikaa pale mbele yake, halisogei. Akajua kwamba hata kama angeandika kurasa kumi za ukarimu, angelikuta limekaa mwishoni mwa kila ukurasa.

Alifanya ishara ya msalaba, akainuka akishikilia benchi, akaenda ofisini kuandika.

Ukurasa ulikuwa mfupi. Aliandika kwamba watu wote walikubali kwa sababu walitishiwa mchenya, na kwamba aliyesababisha hayo ni yeye mratibu, si wanafunzi, wala si mwenyekiti aliyefanya alivyoombwa. Aliutuma, halafu akampigia Dakta Januarius, kwa sababu kumwacha mtu asome habari kama ile peke yake ni ukatili.

Dakta Januarius alisikiliza hadi mwisho.

"Mama Kija," alisema, "unajua maana yake? Watatupa kazi yote. Kituo nacho hakipiti. Na nafasi yako unaijua."

"Ninaijua."

"Ungeandika ukarimu tu! Neno moja!"

"Niliandika, Daktari. Halikukaa."

Upande wa pili palisikika televisheni na mtoto anayelilia kitu. Dakta Januarius alipumua.

"Nitakayekaa mbele ya hao watu ni mimi."

"Ninajua. Nisamehe."

"Usiniombe msamaha, tafadhali, utanifanya nijione mbaya. Unajua, mimi nilijua kuna kitu. Mtu yeyote aliyewahi kugonga mlango wa watu anajua kuna kitu." Televisheni ikazimwa. "Nitaufikisha kama ulivyo. Nenda kapumzike."

"Na wewe."

"Mimi nina kikao."

Ikawa kama alivyosema. Kamati iliitupa kazi yote ya kitongoji kile. Mwezi wa tisa darasa la kwanza la uzamili lilifunguliwa bila Bariadi, na nafasi iliyokuwa ya Lukresia ikaenda kwa muuguzi wa mkoa wa jirani, mama mwenye heshima zake, ambaye Lukresia alijilazimisha kumwombea na siku nyingine alisahau. Kamati iliacha mlango wazi kidogo. Kazi ingerudiwa pale pale mara moja tu, mwanafunzi mmoja akiangalia, na kiongozi yeyote asiite watu. Ikionekana watu wako huru, Bariadi ingefikiriwa kwa mwaka unaofuata. Isipoonekana, basi.

Lukresia aliendelea na darasa la jioni. Aliwaza kuacha, lakini mwalimu Deogratias alikuwa amekwishampangia mstari wa kusoma kwa sauti, na yule kijana wa ugali alikuwa anamwekea kiti. Aliona haya kukiacha kitupu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, alirudi kwa Bundala.

"Sasa nifanye nini?" Bundala aliuliza. Habari za kutupwa kwa ile kazi zilimuuma, na aliona kama ni yeye aliyepigwa. "Nitangaze kwamba safari hii asiyekataa ndiye atakayetoa mchenya?"

"Hapana, baba!"

"Watanielewa haraka."

"Ninajua watakuelewa. Ukikutana na watu kisimani au njiani, waambie tu ule mchenya umefutwa. Kukubali bure, kukataa bure. Basi. Usipige filimbi."

Aliwaambia. Wakamsikiliza kwa mashaka, na mzee mmoja akauliza, "Bure mpaka lini?" Bundala alirudia maneno yale yale, kwa kuwa hakuwahi kuulizwa swali la namna ile.

Siku ya kazi Lukresia alikuja na Mutinta, yule binti wa Zambia, ambaye sasa alikuwa mwangalizi. Walianzia upande wa mto. Nyumba ya kwanza walikubali. Ya pili wakakubali. Ya tatu, baba mwenye nyumba alisema, "Ninaweza kukataa, lakini ninakubali," huku macho yake yanaangalia njia ya kwa Bundala. Lukresia alieleza upya, taratibu, kwa Kisukuma cha nyumbani. Baba akazidi kukubali.

Waliendelea hivyo asubuhi nzima, udongo mweusi unanata kwenye viatu. Watu walikuwa wanapanda, majembe mkononi, mbegu zinangoja, na bado waliacha kazi wakakaa kujibu. Mutinta aliandika amekubali, amekubali, ukurasa baada ya ukurasa. Lukresia aliona mwaka unaofuata unamponyoka kama huu. Wote wakikubali tena, nani atamwamini? Wala hakuweza kuwaomba wakatae, maana hiyo nayo ingekuwa filimbi. Alitembea anasali, na sala yenyewe ilikuwa imechakaa, imebaki neno moja: Bwana, Bwana, Bwana.

Wakafika kwa Kwandu. Alikuwa anapanda karanga nyuma ya nyumba. Mbuzi wake alikuwa na mtoto mweupe anayerukaruka. Lukresia alisalimia, akaeleza yote, hakuruka kitu wala hakuongeza.

Kwandu alinyoosha mgongo.

"Nikikataa?"

"Tunakwenda, mayu."

"Na mbuzi?"

"Ni wako."

"Na nikifiwa?"

"Nitakuja kuchota maji mimi mwenyewe."

Nyuma ya uzio wa minyaa majirani walikuwa wamesimama. Hakuna aliyejifanya ana kazi. Kwandu aliwatazama, akamtazama Mutinta, akamtazama Lukresia.

"Sitaki," alisema.

"Wabeja, mayu, ahsante," Lukresia alisema, akafunga mkoba. Mutinta aliinamisha kichwa kwa heshima. Walikuwa wamegeuka kuondoka wakati Bundala alipotokea njiani juu ya baiskeli yake. Kwandu akapaza ile sauti yake kavu mpaka ng'ambo ya mashamba.

"Mwenyekiti! Nimekataa!"

Baiskeli ikasimama. Majirani nao wakasimama kama walivyosimama, majembe mikononi. Bundala alimtazama mjane, akamtazama yule mwana-mbuzi.

"Nimesikia, mayu," alisema. Akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Hakuna lililotokea. Karanga zilipandwa. Mwana-mbuzi aliruka juu ya kichuguu akashuka.

Nyumba iliyofuata, mwenye nyumba hakungoja hata salamu ziishe. "Mimi nina shamba," alisema. Ya pili yake mama alisema warudi Jumapili baada ya misa. Kijana mmoja alikubali, akajibu maswali mawili, akasema yametosha, akainuka akaenda, na kila mtu alipigwa na butwaa, pamoja na yeye mwenyewe. Bibi mwingine alikubali kwa furaha, akasimulia mpaka mambo ambayo hayakuulizwa. "Wewe mwanamke una maswali mengi," mzee mmoja alimwambia Lukresia. "Mumeo anavumiliaje?"

"Anachoka, baba."

"Mimi nimekwishachoka. Sitaki."

Mutinta alikuwa anaandika haraka. Kila mlango uliofungwa ulimaanisha kurudi siku nyingine, kutembea tena, kueleza tena. Kazi ambayo ingekwisha leo sasa ingekula wiki. Lukresia aliuma mdomo asicheke mbele ya watu. Miguu ilikuwa imevimba, na alijua majibu ya kamati yatakuja yakija, na yanaweza yasiwe mema.

Nyumba ya mwisho siku ile ilikuwa ya Bundala. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, amevaa shati safi, kwa kuwa alijua watafika. Alimsikiliza Lukresia akieleza, kana kwamba hajawahi kuyasikia maneno yale.

"Na mimi ninaweza kukataa?" aliuliza.

"Unaweza, Mwenyekiti."

"Mimi, kamanda?"

"Wewe pia."

Bundala alinyoosha kola ya shati lake. Mkewe alitoka jikoni akasimama mlangoni kusikiliza, mwiko mkononi.

"Basi nakataa," alisema.

Alitazama kushoto na kulia, kama mtu aliyeweka mguu kwenye maji asiyoyajua kina chake. Mkewe aliguna akarudi jikoni.

"Njooni kesho," Bundala aliongeza upesi. "Kesho nitakubali. Leo nilitaka tu kuona inakuwaje."

"Inakuwaje, baba?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri mambo yote ya sheria.

"Ni kitu kidogo," alisema. "Nilidhani ni kikubwa."

Lukresia aliandika kwamba amekataa. Kisha akaomba kigoda, akaketi, akavua viatu, akaanza kubandua tope kwa kijiti. Saa ya darasa ilikuwa inakaribia, na yule kijana angekuwa amekwishamwekea kiti.